Mpiga Chuku wa Newala

Abdulrazaki Mchopa hakuwa mtu wa kutulia tangu zamani, lakini asubuhi ile hata mkewe aliona amezidi. Aliingia ndani, akatoka. Akavaa koti lake la pikipiki, akalivua. Akaketi kwenye kigoda, akanyanyuka kabla kigoda hakijapata joto. Barazani alikuwa na mteja aliyelala kifudifudi, mgongo umebandikwa vikombe, na mteja huyo alishaanza kuuliza kwa sauti ya unyonge kama amesahauliwa.

“Baba Faridi,” mkewe alimwita kutoka jikoni, “una nini leo? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

“Sina kitu.”

“Huna kitu, na hiyo simu hujaiweka chini tangu alfajiri.”

Kweli alikuwa nayo mkononi. Jana yake jioni alipigiwa kutoka Lulindi na Yuster, mke wa rafiki yake Mwalimu Nathanaeli. Alimpigia kumshukuru. “Shemeji, Mungu akubariki,” Yuster alisema. “Tangu umuumike Baba Huruma, mwenzio amekuwa mzima kabisa. Vile vidonge vyake vya sukari ameviacha. Chai anaweka sukari kama sisi wengine, na mabibo anakula shambani anashindana na watoto. Ana kidonda tu kidogo chini ya kidole gumba, alikanyaga kisiki, lakini hakimuumi hata chembe. Ndipo tukajua dawa yako imefanya kazi.”

Shukrani zile ndizo zilizomnyima usingizi.

Ili mjue kwa nini, lazima niwaambie Abdulrazaki ni mtu gani. Mama yake alikuwa muumikaji, wa enzi za pembe za ng'ombe. Pembe hiyo ndiyo chuku: unaibandika mgongoni, unafyonza hewa kwa mdomo kwenye ncha, unaziba kwa nta, ngozi inavimba, unachanja, damu inatoka. Mama alipofariki, Abdulrazaki alizirithi zile pembe, akaenda Masasi kusomea hijama ya kisasa, akarudi Newala na vikombe vya plastiki, pampu, glavu na wembe mpya kwa kila mtu. Alikuwa na mkono mwepesi. Watu walitoka barazani kwake mabega yamelegea, shingo inageuka, na wengi walisema usiku ule walilala usingizi wa mtoto. Kwa hayo hakuna wa kumnyang'anya sifa yake.

Tatizo lilikuwa mdomo. Kiswahili chetu kina mchezo wake hapo, maana kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku ni kuongeza chumvi kwenye maneno mpaka ukweli wenyewe usionekane. Abdulrazaki alizipiga chuku zote mbili, na hii ya pili aliipiga bila kuchukua mapumziko. Akiumika mtu mwenye maumivu ya kiuno, kesho utasikia mtu huyo aliingia anatambaa na akatoka anakimbia. Akikuta nyoka njiani, nyoka huyo alikuwa mrefu kuliko nguzo ya umeme. Watu wa Newala walimzoea. Walimsikiliza, walicheka, kisha kila mmoja alipunguza kimoyomoyo anachoona cha kupunguzwa, akabaki na kiasi chake.

Aliyepunguza kuliko wote alikuwa Nathanaeli. Huyu alikuwa Mmakua wa Lulindi, mtoto wa Kianglikana wa ukoo wa kanisani, na alifundisha shule huko Newala miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Alikuwa mkweli wa kuudhi. Kuna watoto aliowachapa kwa uongo mdogo kiasi kwamba wenyewe walikuwa hawajajua kama ni uongo. Yeye na Abdulrazaki walianzisha utani, Mmakonde na Mmakua, na utani huo ukakua hadi ukawa ndiyo lugha yao. Hawakuwahi kuamkiana kwa heshima hata siku moja. Abdulrazaki akisema mvua inanyesha, Nathanaeli alitoa mkono nje kwanza.

Sasa basi, mwanzoni mwa msimu huu wa korosho, Abdulrazaki aliteremka Lulindi kumwona mtani wake, akamkuta amechoka, analalamikia kiu na ganzi ya miguu. Nathanaeli alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na vidonge vilikuwa vimemchosha kumeza. Abdulrazaki akamuumika mabega na mgongo. Na wakati anakusanya vikombe vyake, kwa furaha tu ya kuwa na watu wanaomsikiliza, akasimulia habari za Bibiana, mama mmoja wa Nanganga anayeuza karanga kando ya barabara. Akasema alimuumika Bibiana, na sukari yake ikaporomoka hadi ikalingana na ya mtoto mchanga, na Bibiana alipoona hivyo alichukua vidonge vyake vyote akavitupa chooni, na sasa anakunywa soda na kucheza dansi.

Bibiana hakutupa hata kidonge kimoja. Sukari yake ilishuka kidogo, naye alikuwa ameacha soda. Na yule mwalimu wa hijama kule Masasi aliwaambia wanafunzi wake mara nyingi kwamba kwa mgonjwa wa sukari vikombe ni nyongeza tu, dawa ya hospitali haiachwi. Abdulrazaki aliyajua yote hayo. Ila maneno ya namna hiyo hayachekeshi mtu, na yeye alipenda watu wacheke.

Ajabu ni kwamba katika chuku zote alizompigia maishani mwake, Nathanaeli alikataa zote akaiamini hiyo. Aliiamini kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaitaka.

Kuna neno jingine mwalimu yule wa Masasi aliwaambia, nalo usiku mzima lilikuwa linamtembelea Abdulrazaki kitandani. Alisema mgonjwa wa sukari akikwambia kidonda cha mguu hakimuumi, usifurahi naye, mpeleke hospitali, maana mguu ambao hauumi ni mguu unaokufa. Yuster kwa upande wake alimshukuru Mungu kwamba hakiumi.

Akambandua mteja wake vikombe, akamsafisha, akamwomba radhi. Kisha akapiga simu Lulindi.

“Mmakonde!” Nathanaeli aliitikia, sauti imejaa. “Umeishiwa mizizi yenu ya ming'oko, unataka nikutumie chakula cha watu?”

“Nathanaeli, nisikilize. Ule mguu upeleke hospitali ya Ndanda leo. Na vidonge rudia kumeza, leo hii hii.”

“Ahaa. Umeona nimepona bila kukupa jogoo, sasa unanitisha.”

“Sikutishi. Mguu huo unaweza kukatwa. Unaweza kufa, wallahi.”

“Wallahi!” Nathanaeli alicheka hadi akakohoa. “Ndiyo ile ile wallahi ya nyoka na nguzo ya umeme? Nenda kapige chuku Wamakonde wenzako. Mimi korosho zangu zinaanguka huku, sina nafasi.”

Akakata simu. Abdulrazaki akapiga tena, ikaita bila kupokelewa. Akampigia Yuster, naye akacheka kwa adabu na kusema, “Nyie wawili bwana, hamkui.” Akabaki amesimama uani na simu yake. Alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi, kwamba amebeba neno la kweli na hana pa kulitua. Viapo vyote anavyovijua alishavitumia kwenye upuuzi.

“Nakwenda Lulindi,” alimwambia mkewe.

“Hujanywa hata chai.”

“Nitakunywa huko.”

“Na mama wa Kitangari unayemuumika leo?”

“Mwambie arudi nyumbani. Mwambie...” Akapiga pikipiki teke ikawaka.

Newala ilikuwa bado imejaa ukungu, ule ukungu wetu wa asubuhi unaoloanisha nyusi. Akateremka mlima kwa mwendo ambao mama yake angemlaani, akifika kwenye kona anaomba, akitoka kwenye kona anasahau kuomba anaanza kupanga maneno. Nitamwambia hivi. Hapana, akisikia hivyo atacheka. Nitamwambia vile. Atacheka pia. Bondeni jua lilishatoka na mikorosho pande zote ilikuwa na watu chini yake, wameinama, wanaokota. Alisimama mara moja kando ya njia, akazima pikipiki ili afikiri vizuri, na palipokuwa kimya akaona afadhali kelele. Akawasha akaendelea.

Alimkuta Nathanaeli uani kwake na majirani, wamezunguka rundo la mabibo wananyofoa korosho. Alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa kandambili, na kidole gumba cha mguu wa kulia kimefungwa kitambaa cha kanga. Inzi walikuwa wanakipenda kile kitambaa. Yuster akaleta kiti. Kabla mgeni hajakaa, Nathanaeli alishawatangazia watu kwamba daktari bingwa kutoka mlimani amefika, wanaotaka kufufuliwa wapange mstari.

Watu wakacheka. Abdulrazaki hakukaa.

“Bibiana hakutupa vidonge,” alisema.

“Bibiana yupi?”

“Wa Nanganga. Niliyekusimulia. Anameza vidonge vyake mpaka leo. Ile ya chooni niliiongeza mimi.”

Kicheko kikaongezeka. Kelvin, jirani mwenye kigari cha injini cha kubebea magunia ya korosho, akapiga paja lake. “Mzee leo anapiga chuku kinyumenyume!”

“Sipigi chuku!”

“Ndivyo unavyosemaga kabla ya kupiga,” Nathanaeli akasema, akajifuta machozi.

Abdulrazaki akatazama nyuso zile zote zilizokuwa zinamngojea aendelee, maana walifikiri utamu uko mbele. Akaona hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani. Basi akatoa simu, akatafuta jina, akafungua spika, akainyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao.

“Shikamoo, Mzee Abdulrazaki,” sauti ya Bibiana ikatoka, na nyuma yake malori ya barabarani yanapita.

“Marahaba, mwanangu. Nina watu hapa, wanakusikia. Waambie. Vidonge vyako vya sukari uliviacha?”

“Niviache niende wapi? Kaburini?”

Watu wa uani wakaacha kunyofoa korosho.

“Nani kasema nimeviacha?”

“Mimi.”

“Ulimwambia nani?”

Abdulrazaki akamtazama Nathanaeli.

“Mzee wangu, nakuuliza, ulimwambia nani?” Sauti ya Bibiana sasa ilikuwa imepanda. “Uliniumika nikapata nafuu ya mabega, nikakushukuru, na nilikupa karanga. Lakini sukari yangu imeshuka kwa vidonge, na soda nimeacha, na ugali nakula kiganja. Nilikueleza hivi hivi, umekaa hapa hapa kwenye benchi langu! Sasa unatembea na jina langu huko milimani unawaambia watu nimetupa dawa? Na mgonjwa mwenzangu akisikia akatupa zake? Akifa, Mzee Abdulrazaki, msibani utakwenda wewe au niende mimi?”

“Nitakwenda mimi,” Abdulrazaki alisema. “Samahani sana, mwanangu.”

“Usinipe samahani mimi. Mtafute huyo uliyemwambia.”

Simu ikakatika. Hakuna aliyecheka. Kelvin alikuwa ameshika bibo mkononi na maji yake yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Yuster alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai, anamtazama mumewe mguuni.

Nathanaeli akajifuta mikono. Kisha akauliza, taratibu, kwa sauti ya darasani, “Kwa hiyo hijama inatibu sukari au haitibu?”

“Sijui, Mwalimu.”

Katika miaka yao yote Abdulrazaki hakuwahi kumwita Mwalimu. Alimwita Mmakua, alimwita mla panya, alimwita majina mengine ambayo sitayaandika. Na hakuna mtu, si Newala wala Lulindi, aliyewahi kumsikia akisema hajui kitu.

“Watu wanatoka kwangu wepesi,” akaendelea, maneno yanamtoka moja moja. “Wanalala. Hilo nimeliona kwa macho. Sukari, sijui. Nilichofundishwa ni kwamba vidonge haviachwi. Na kidonda kisichouma nilifundishwa ni kibaya. Nilikuwa najua siku ile nakusimulia.”

Nathanaeli aliinama akafungua kile kitambaa. Hakukunja uso hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyowatisha waliokuwa wanatazama, maana kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama na alikivuta tu kama anayemenya hindi. Harufu ikawafikia wote. Kidole kilikuwa cheusi upande wa chini, na weusi umeanza kupanda unyayoni.

“Mama Huruma,” alisema, “niletee lile shati langu la kanisani.”

Kelvin alikuwa ameshaanza kushusha magunia kwenye kigari chake bila kuambiwa.

Njia yote ya kwenda Masasi, na kutoka Masasi kwenda Ndanda, Abdulrazaki hakuweza kukaa sehemu moja barabarani. Mara yuko nyuma ya kigari anakula vumbi, mara amekipita, mara amesimama mbele kukingoja na kuchungulia ndani kama mtani wake bado ameketi wima. Yuster alimpungia mkono akimwashiria aende taratibu. Hakuona, au aliona akashindwa. Alikuwa anazungumza peke yake ndani ya upepo, na alikuwa anasema neno lile lile moja, nilikuwa najua, nilikuwa najua.

Hospitalini walimpokea haraka kuliko walivyotegemea, na haraka yenyewe haikumfurahisha mtu. Walipompima, sukari ilikuwa imepita kiwango ambacho kile kipimo kidogo kinaweza kusoma. Daktari alikuja, akachoma unyayo wa Nathanaeli kwa kitu chenye ncha hapa na pale, akauliza unasikia, na Nathanaeli akasema hapana, akauliza hapa je, hapana. Daktari hakuficha. Kidole gumba kitaondolewa. Kama ni kidole peke yake, au ni unyayo, au ni zaidi ya hapo, watajua wakishamshusha sukari na kuona weusi umesimama wapi. Yuster akatoka nje akakaa kwenye ukuta mfupi, akajifunika uso kwa kanga.

Akabaki sista mmoja, Winfrida, mwanamke mrefu mwenye mikono isiyo na papara, anayetayarisha vifaa vya kusafishia kidonda. Wakati anavaa glavu akauliza, “Mzee, ulikuwa unatumia dawa vizuri miaka yote. Sasa umeacha majuma mengi. Nani alikwambia uache?”

Abdulrazaki alikuwa amesimama karibu na dirisha.

“Hakuna,” Nathanaeli alisema. “Nilisahau tu, sista. Uzee.”

Alilisema hilo akitazama dari, bila kupepesa, yeye aliyechapa watoto wa watu. Na ninyi msinifikirie vibaya nikiwaambia kwamba Abdulrazaki kwanza alishukuru. Alisikia mwili mzima unapoa. Angeweza kurudi Newala, akasubiri jioni, akatandika mkeka wake barazani, na hakuna mtu wa hospitali ambaye angejua jina lake. Mlango ulikuwa wazi na pikipiki iko nje. Alipiga hata hatua moja kuuelekea.

Kisha akamtazama yule mzee katika shati lake la kanisani, aliyekuwa amelala pale na uongo wake wa kwanza, mbaya, wa kitoto, alioutoa kwa ajili yake. Na ule uongo ukamlemea kuliko chuku zake zote.

“Ni mimi, sista,” alisema. “Mimi ndiye niliyemwachisha.”

Sista Winfrida akageuka. “Wewe ni nani wake?”

“Mtani wake.”

“Mzee, tafadhali.” Uso wa sista ulikaza. “Hapa ni kwa wagonjwa. Utani mtafanya nyumbani.”

Abdulrazaki akafungua mdomo aape, akaufunga.

“Mwamini, sista,” Nathanaeli alisema kutoka kitandani. “Leo anasema kweli.”

Sista aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda. Hakumfukuza Abdulrazaki na hakumfokea. Alimtupia glavu. “Basi njoo huku ushike mguu,” alisema. “Ushike imara hapo kwenye kifundo, usitikisike. Nitakwangua mpaka nikute nyama nzima.”

Abdulrazaki alipiga magoti kando ya kitanda. Mikono yake ilikuwa imeshika migongo ya watu kwa nusu ya umri wake. Aliukumbatia ule mguu kwa viganja viwili, kifundo na kisigino, akaubana. Sista akaanza kazi. Nathanaeli aliendelea kutazama dari, uso mtulivu, anasubiri kuguswa.

“Mtani,” alisema baada ya muda, “umeshaushika?”

“Nimeushika,” Abdulrazaki alisema.